Ipi Inavuja Zaidi: Prometheus au The Thing?

Mjomba wangu alikuwa nahodha wa jahazi mpaka magoti yalipomtoa baharini, na kila filamu akishaiangalia huuliza swali moja tu: "Haya, inavuja wapi?" Kwake hakuna chombo cha mbao kisichovuja. Tofauti ni maji yanaingilia wapi, na kama mwenye upo (kata ya kutolea maji chomboni) mkononi atawahi kuyatoa. Pamba ikilegea kwenye maungio ya mbao, chombo utakikalafati, yaani utaziba nyufa upya, mkishafika pwani. Mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo kizima, ukioza, hapo hakuna la kukalafati.

Nimekiazima kipimo chake kwa sababu wiki mbili hizi nyumba yetu ya Kikwajuni, hapa Unguja, haina mazungumzo mengine. Mara moja kwa mwezi tunatundika shuka jeupe ukumbini kwa shangazi, binamu yangu anakodi projekta, na ukoo mzima pamoja na majirani unajaa mikekani. Safari hii tulikubaliana iwe filamu ya kutisha, ya mambo ya anga na viumbe wasiojulikana, tena iwe tangulizi: imetengenezwa baadaye, lakini inasimulia yaliyotokea kabla ya filamu ya zamani tunayoijua. Zikabaki mbili. Prometheus ya 2012, ya Ridley Scott, inayotangulia Alien aliyoitengeneza yeye mwenyewe mwaka 1979. Na The Thing ya 2011, ya Matthijs van Heijningen Jr., inayotangulia The Thing ya John Carpenter ya 1982. Jina ni hilo hilo moja, na tayari limeshatuponza: binamu aliwahi kuleta flashi yenye ile ya 1982 akidhani ndiyo ya 2011, tukawa tumekula chakula kuanzia kwenye kahawa.

Hujaziona na hutaki kuharibiwa uhondo? Basi ishia hapa: mpenda ubishi achukue Prometheus, mpenda kuogopa achukue The Thing. Anayeendelea kusoma asinilaumu.

Mtu mzima na mkunga

Prometheus inaanza vizuri sana. Mwaka 2089 wanasayansi wawili, Elizabeth Shaw na Charlie Holloway, wanakuta mchoro pangoni katika kisiwa cha Skye kule Scotland: jitu linanyoosha kidole kuelekea nyota. Michoro ya namna hiyo imekutwa kwa mataifa ya kale yasiyopata kujuana. Tajiri mmoja mzee, Peter Weyland, anatoa meli na fedha, na mwishoni mwa 2093 watu 17 wanafika kwenye mwezi uitwao LV-223 kumtafuta aliyewafanya binadamu. (Hapa shangazi huinuka kwenda kutia maji birikani huku akisema astaghfirullah, na hurudi viumbe wakianza kuuana. Kama nyumbani kwako kuna wazee wasiopenda mzaha wa aina hiyo, lijue mapema.) Basi wanampata mmoja wao, yu hai. Hakufurahi kuwaona.

Inavuja kwa watu. Safari imegharimu dola trilioni moja, lakini waliopakiwa humo wana akili za kuokota. Fifield ndiye mpima miamba, ndiye mwenye vile vidude vinavyoruka na kuchora ramani ya pango, na ndiye anayepotea pangoni. Ni kama kijana wa Mkunazini apotee Mkunazini, ramani aliyoichora mwenyewe kaishika mkononi. Mwenzake Millburn ni mtaalamu wa viumbe. Anaona maiti ya miaka 2,000, anakimbia. Saa chache baadaye kiumbe hai mweupe anainuka kutoka kwenye maji meusi, kakunjua shingo kama swila, na bwana huyu anamsemesha kwa sauti ya kubembeleza mtoto, anampelekea mkono.

Mjomba alisimama. "Huyu hajapata kukanyaga pwani." Kwetu mtoto wa miaka sita anafunzwa asitie mkono kwenye tundu la mwamba kwa sababu ya mkunga, yule samaki kama nyoka, na mkunga angalau tunamjua jina. Millburn hakuwa mjinga tangu mwanzo, hilo ndilo linaloudhi. Mwandishi alihitaji mtu afe, akamvua akili kwa dakika tatu.

Halafu kofia za hewa. Holloway anavua yake ndani ya pango kwa sababu kipimo kimeonyesha hewa inavutika, na wengine wanamfuata. Kipimo cha hewa hakipimi maradhi. Filamu ilipotoka tulicheka; tulipoirudia baada ya 2020, sisi tuliokuwa tunanawa mikono kwenye kila mlango wa duka, hatukucheka. Umri wa filamu umeliongeza tundu badala ya kuliziba.

Linalotajwa kuliko yote ni la mwisho. Meli kubwa yenye umbo la kwato inaanguka kutoka angani, inasimama kwa ubavu, inaanza kuviringika kama gurudumu. Shaw na Meredith Vickers wanakimbia. Wanakimbilia wapi? Mbele yake, mstari ulionyooka, katika njia ile ile inayoviringikia. Shaw anaanguka, anajibiringisha pembeni, anapona. Vickers anasagwa. Jirani yetu mmoja, dereva wa daladala, hakuweza kunyamaza: "Pita kushoto, mama! Kushoto!" Ukumbi mzima ulicheka pahala palipotakiwa kuwa pa simanzi. Nakiri kwamba mtu mwenye hofu hukimbia anakotazama, nimewaona ng'ombe wa Fumba wakikimbia mbele ya gari badala ya kuingia majanini. Lakini Vickers tumeoneshwa saa nzima kuwa ndiye mwenye kichwa baridi kuliko wote.

Na zile maili. Vickers akitaniana na nahodha Janek, anayeigizwa na Idris Elba, anasema yuko maili nusu bilioni kutoka kwa kila mwanamume wa duniani. Binamu anayesoma sayansi alitoa simu akapiga hesabu: maili hizo ni kama kilomita milioni 800, ambazo ukizipima kutoka kwenye jua zinakufikisha kwenye sayari ya Sumbula (Jupita) na kidogo, hapa hapa jirani. Na nyota wanayodaiwa kuifuata, Zeta Reticuli, iko umbali wa miaka ya nuru 39 hivi. Ni kosa la wazi, lakini mjomba alilikalafati palepale: "Mwanamke akitaniana na nahodha hapimi maili." Hilo tukalifuta.

Wifi yangu ni muuguzi wa wodi ya wazazi, kwa hiyo pasuo la Shaw tulimwachia yeye. Shaw hana uwezo wa kuzaa, anajikuta na mimba ya kitu kisichojulikana, anaingia ndani ya mashine ya upasuaji, anapasuliwa akiwa macho, anashonwa kwa pini za chuma, na baada ya dakika chache anakimbia na kurukia magenge. Nilidhani wifi atalalamikia kukimbia. Akasema hapana, kajichoma sindano za maumivu, na mwanamke mwenye kuogopa anaweza mengi. Kinachomkera ni kwamba Shaw anaingia chumba chenye watu, damu inamchuruzika, nguo hana za kutosha, na hakuna hata mmoja anayemwuliza "vipi?" Wala hakuna anayekwenda kuangalia kilichotolewa tumboni mwake kimefungiwa wapi. Kimefungiwa chumbani bila chakula, na kikija kuonekana tena ni kikubwa kama gari. "Kimekula nini?" aliuliza wifi. Kimya.

Lakini mashine ile ile inanipa sababu ya kuitetea filamu. Shaw anapoiambia imfanyie upasuaji wa uzazi, mashine inajibu kwamba imewekwa kwa ajili ya wagonjwa wanaume tu. Mara ya kwanza ukumbi ulizomea: mashine ghali hivyo, ya chumba cha Vickers ambaye ni mwanamke, haina habari na wanawake? Subiri. Muda si mrefu inagundulika kwamba mzee Weyland, anayedhaniwa kafa zamani, yumo melini kajificha. Mashine ni yake. Lile halikuwa tundu, ilikuwa alama, na sisi tuliizomea. Tangu siku ile sikubali mtu aseme waandishi wale hawakuwa na akili. Walikuwa nazo. Walizigawa vibaya.

Makosa yasiyokuwa makosa

Nayatenga haya mawili kwa sababu kila anayeisema Prometheus vibaya huanza nayo, na yote mawili si makosa.

La kwanza ni lile jitu la kwenye kiti. Katika Alien ya 1979 mabaharia wa Nostromo wanakuta maiti kubwa mno iliyogeuka jiwe, imekaa kwenye kiti chake, mbavu zimefumuka kwa nje. Watu walikwenda kuiangalia Prometheus wakingoja kuona lilivyokufa. Filamu inakwisha, jitu lenyewe linafia pahala pengine kabisa, na kiti kitupu. "Wamesahau!" Hawakusahau. Kiti cha 1979 kiko LV-426, mwezi mwingine, na meli nyingine. Unaweza kulalamika kwamba ulikwenda Chake Chake kumbe harusi iko Wete, lakini usiseme harusi haikufungwa. Kinachobaki kweli ni ukubwa: la 1979 ni kubwa kuliko hawa wa 2012, na lilionekana limeota pamoja na kiti, wakati huku tunaambiwa lile sura la tembo ni vazi tu.

La pili ni mitambo. Meli ya 2093 ina picha za mwanga zinazoelea hewani. Nostromo, inayosafiri miaka karibu 30 baadaye, ina skrini nzito zenye maandishi ya kijani. Nenda bandari ya Malindi asubuhi yoyote. Boti ya kasi yenye viti vya ngozi na televisheni inatia nanga, na mita chache pembeni jahazi linashusha boriti kwa kamba na mabega. Siku moja, bandari moja. Prometheus ni chombo cha tajiri anayetaka kuishi milele. Nostromo ni ya kukokota shehena.

Mkuku ninaousema mimi umeozea kwingine. Kwanza yale maji meusi. Mwanzoni, kwenye maporomoko ya Dettifoss huko Iceland, jitu linakunywa na mwili unasambaratika. Minyoo ikiyagusa inakuwa majoka. Fifield akiyaangukia uso anarudi akiwa kichaa mwenye nguvu za watu kumi. Holloway anapewa tone kwenye kinywaji, anaugua taratibu, na Shaw aliyelala naye anashika mimba ya pweza. Dawa moja, maradhi matano. Hadithi ya kutisha lazima inifunze kanuni yake, kisha initishe nayo. Nisipojua kanuni ninashangaa tu, na mshangao hukauka upesi.

Pili, ramani. Ikiwa majitu hayo ndiyo yaliyowaelekeza watu wa kale kwenye nyota ile, kwa nini ielekeze kwenye ghala la sumu? Na kwa nini waliotufanya waamue kutuangamiza? Filamu inalibeba swali hili saa mbili na haifungui hata pindo. Ukidhani ya pili yake, Alien: Covenant ya 2017, itakujibu, usipoteze vocha ya intaneti: Shaw tunamkuta ameshakufa, na David, yule roboti anayeigizwa na Michael Fassbender, ameshaumwagia mji wa majitu yale maji meusi. Wa kujibu wote wamekufa.

Kazi ya mhasibu

The Thing ya 2011 ilikuwa na mtihani wa aina nyingine kabisa. Katika ile ya 1982 Wamarekani wanakwenda kwenye kambi ya Wanorwe iliyoungua huko Antaktika na wanakuta vitu: shoka limenasa mlangoni, mtu kaganda kitini baada ya kujikata, bonge la barafu lililochimbuliwa katikati, na nje, maiti iliyoungua yenye nyuso mbili zilizoshikana. Hakuna maelezo. Sasa waliotengeneza tangulizi walipaswa kurudi nyuma na kufanya kila kitu hicho kitokee, na pahala pake. Ni kazi ya mhasibu anayekabidhiwa jumla kisha aambiwe atafute risiti.

Risiti zipo karibu zote. Shoka linanasa kwa sababu. Nyuso mbili tunaona zilivyoungana, na ndiyo dakika mbaya kuliko zote katika filamu, usile wakati huo. Aliyejikata kitini wanamweka mwishoni kabisa, majina yakiwa yameshaanza kupita, kwa hiyo mwenye haraka ya kuzima projekta atasema wamemsahau. Na mbwa anakimbia thelujini, helikopta nyuma yake, bunduki nje ya mlango. Hapo hapo ndipo ile ya 1982 inapoanza. Mjomba alipiga makofi.

Kinachovuja ni kidogo, lakini kipo. Katika ile ya zamani Wamarekani wanaangalia mkanda wa video wa Wanorwe wakiizunguka meli ya angani kwenye barafu na kuifukua kwa baruti. Katika mpya meli iko ndani ya ufa chini ya barafu na hatumwoni mtu akifukua. Risiti hiyo moja haipo. Pia kuna helikopta inayoanguka milimani katika baridi ya kuua, na watu wawili waliokuwamo wanarudi kambini kwa miguu. Kila mtu kambini anashuku kwamba si watu tena, na filamu inataka na wewe ushuku, basi tundu limegeuzwa mlango. Nimependa ujanja huo, ingawa bado sijashawishika kwamba mguu wa binadamu unafika.

Tundu langu kubwa ni la tabia tena, lakini safari hii si ya watu. Kiumbe huyu anaweza kuwa yeyote. Silaha yake ni kujificha. Katika 1982 anangoja, ananyamaza, anakula nao. Katika 2011 anapasuka mbele za watu kila robo saa, hata ndani ya helikopta iliyokuwa ikimtoa kambini. Wanaomtetea husema helikopta ilikuwa imeanza kugeuza kurudi chini, akaogopa. Sawa kwa helikopta. Kwa mara nyingine zilizobaki, jibu ni kwamba mwenye fedha alitaka kelele. Na kelele zenyewe zina kisa: mafundi walishatengeneza madubwana kwa mkono, ya mpira na mitambo, kisha mengi yakafunikwa kwa picha za kompyuta kabla filamu haijatoka. Inaonekana. Ile ya 1982, iliyotengenezwa na watu wenye gundi na rangi, bado inatapisha. Hii ya 2011 kuna pahala inang'aa kama mchezo wa simu.

Kwato na meno

Hata hivyo ndiyo iliyomnyamazisha shangazi, na shangazi hanyamazi.

Sababu ni meno. Kate Lloyd, yule mtafiti wa Kimarekani aliyeitwa kuja kusaidia, anakuta bafuni vipande vya chuma vya kuzibia meno, na damu. Anaelewa: kiumbe ananakili nyama na mifupa, hanakili chuma. Anachukua tochi, kila mtu afungue mdomo. Mwenye chuma jinoni ni mtu. Asiyekuwa nacho, Mungu ndiye ajuaye.

Sisi hatukuhitaji maelezo. Nani hapa hajaambiwa na bibi yake kwamba ukikutana na mgeni mzuri kupita kiasi, usiku, njia ya mashamba, mtazame miguu? Jini anaweza kuchukua sura, sauti, hata harufu ya udi, lakini kwato hawezi kuzificha. Ni kanuni moja, rahisi, na ukishaijua huwezi tena kumtazama mtu usoni. Prometheus ina kila kitu isipokuwa kanuni kama hiyo.

Wifi hapo alichafua mambo. Akasema kipimo hicho kikija Unguja tumekwisha, maana wengi wetu jino likiuma tunaling'oa, hatuzibi. Tukaanza kufunguana midomo kwa tochi za simu. Katika watu 19 waliokuwapo, wenye kuzibwa jino kwa chuma walikuwa watatu, na mjomba hana meno ya kukaguliwa. Filamu yenyewe inalijua tundu hili: kipimo kinathibitisha nani ni mtu, hakithibitishi nani si mtu. Nalo ndilo linalowavunja wale wa kambini.

Shangazi alikuwa kimya, kisha akasema 1995. Mwaka ule wa Popobawa, yule shetani aliyesemwa huvamia watu usiku vitandani, hofu ilipoanzia Pemba ikavuka mpaka huku, watu walitoka vyumbani wakalala nje, uwanjani, jirani kwa jirani, taa zinawaka mpaka alfajiri. Yeye alikuwa na mtoto mchanga. "Sisi hofu ilitutoa ndani ikatulaza pamoja," akasema. "Hawa hofu inawafungia kila mtu peke yake." Sikumjibu, na sijasoma popote mtu aliyeieleza filamu hiyo vizuri zaidi.

Lugha isiyofasiriwa

Jambo moja linazifanya hizi mbili ndugu, na sisi tunaoangalia filamu za watu kwa lugha za watu tunaliona upesi.

Mwanzo wa ile ya 1982, Mnorwe mwenye bunduki anawapigia kelele Wamarekani kwa lugha yake. Hawamwelewi, wanampiga risasi. Anayejua Kinorwe anasikia wazi: anawaambia waondoke, huyo si mbwa, ni kitu kinachojifanya mbwa. Siri ya filamu nzima imetolewa dakika za mwanzo, bure, kwa mwenye masikio. Tangulizi ya 2011 ikaliheshimu hilo: Lars, ndiye mwenye bunduki, ndiye yule yule asiyejua Kiingereza kambini. Kalafati safi.

Katika Prometheus, David anazungumza na jitu lililoamshwa kwa lugha iliyotungwa na mwanaisimu kutokana na mizizi ya kale ya lugha za Ulaya na India. Jitu linasikiliza, linampapasa kichwa, kisha linamng'oa kichwa hicho hicho. David alisema nini? Filamu yenyewe haina tafsiri. Lakini nakala ya flashi ya binamu ilikuwa na sauti ya mmoja wa wale watafsiri wa vibanda vya video, wanaoongea juu ya filamu nzima kwa Kiswahili na kutia chumvi zao. Bwana yule hakusita: "Mzee huyu hataki kufa, anakuomba umwongezee siku!" Tulimcheka. Baadaye nikasoma kwamba mwanaisimu mwenyewe alieleza maana ni hiyo hiyo, karibu neno kwa neno. Mtafsiri wa kibanda aliliziba kwa kubahatisha tundu ambalo mwenye filamu aliliacha makusudi.

Basi uchukue ipi

Yaliyobaki ni mafupi. Prometheus ina dakika 124, The Thing 103. Ya kwanza iliingiza zaidi ya dola milioni 400 duniani. Ya pili iligharimu kama milioni 38 na tiketi hazikurudisha hata hizo, ila usiihukumu kwa hilo. Kwa macho tu, Prometheus haina mpinzani: ukiwa na ukuta mkubwa na projekta nzuri, yale maporomoko ya mwanzo peke yake yanatosha. The Thing inaangalika hata kwenye kompyuta ndogo, bora taa zizimwe.

Watu wako ni wa kijiweni? Prometheus. Niliipeleka hoja ya LV-426 kwenye kahawa pale Jaws Corner, pahala penyewe pamepewa jina la filamu ya papa, nikaondoka vikombe vinne baadaye na watu wasioiona filamu hiyo hata siku moja wanabishana kuhusu kiti. The Thing haina ubishi huo. Imefunga mahesabu, ukitoka unatazama tu nani anatembea nyuma yako.

Kama hujaiona Alien, anza nayo, maana Prometheus bila hiyo ni kitendawili kisicho na "tega". The Thing ya 2011 inasimama bila ya 1982, lakini ukiiangalia usiku mmoja pamoja na mwenzake baada yake, ndipo utakapoona uhasibu wake. Na usimwekee Prometheus mwanamke mwenye mimba.

Hilo ndilo lililoamua kwetu, kusema kweli. Wifi yuko mwezi wa saba. Anasema yeye haogopi, kaona zaidi ya hayo kazini, lakini kaka yangu amekataa katakata. Prometheus itangoja arubaini ipite. Jumamosi hii, saa mbili u nusu baada ya Isha, ni The Thing ya 2011 na ya 1982 kwa kufuatana, dakika 212, tutamaliza saa sita usiku kama umeme haukukatika.

Mjomba ameshaziona zote mbili na atakuja tena, kwa sababu ana jipya. Anataka tumweleze: kambi nzima ya Wamarekani, jirani wa Wanorwe, wenye redio na helikopta, inakuwaje hakuna hata mmoja aliyejua kuwaamkia kwa lugha yao. Yeye, asiyemaliza skuli, alijua Kihindi cha Kutch cha kutosha kununulia tanga.